Kwa Padri Ambrosoli: safari ya Mbuya hadi Kalongo

Jumatatu, Mbuya – Lira

Kosta, basi letu dogo, iliondoka Mbuya, Kampala, saa kumi na mbili kamili. Dereva wetu ni Mnubi wa Bombo, keshaswali, keshakunywa chai, na hana subira na Wakatoliki wanaoagana machozi na watu watakaowaona tena wiki hiyo hiyo. Abiria ni watu wa misa ya Kiswahili: wajane wa wanajeshi, Wakongo wa Bunia na Goma, mama mmoja Mkenya muuza mitumba, mzee mstaafu wa jeshi ambaye kila mtu humwita Afande, katekista wetu, na mimi mwalimu wa sekondari. Nia ni kufika Kalongo, wilaya ya Agago, kaskazini mwa Uganda, kwa ajili ya tarehe 27 Machi, siku aliyofariki Padri Giuseppe Ambrosoli mwaka 1987.

Kalongo si Namugongo. Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, kila tarehe 3 Juni hufurika mahujaji, wengine wametembea kwa miguu tangu Kenya na Tanzania, na wauza rozari wamejipanga kando ya barabara. Kalongo haiko njiani kuelekea popote. Anayefika pale kakusudia.

Bombo tulisimama ili dereva amsalimie mama yake. Bibi alikuja hadi dirishani akiwa na kapu la mandazi.

"Mnakwenda kwa nani?"

"Kwa padri, Mama," dereva akajibu.

"Yu hai?"

"Alishafariki zamani."

"Basi Mungu amrehemu. Kuleni, njia ni ndefu."

Baada ya Luweero, mananasi yakishajaa chini ya viti, katekista akasimama na karatasi zake kutusomea maisha ya padri. Yeye alisoma mpaka karibu na mto Kafu, mimi nafupisha. Ambrosoli alizaliwa tarehe 25 Julai 1923 Ronago, kijiji cha mkoa wa Como, Italia, jirani kabisa na mpaka wa Uswisi. Kwao ndio wale wa asali. Asali na pipi za Ambrosoli zinauzwa Italia hadi leo. Vita vya pili vya dunia vilimkuta anasomea udaktari. Mwaka 1943, Wajerumani walipoikalia kaskazini mwa Italia, alishiriki kuwavusha Wayahudi kwenda Uswisi. Baadaye akalazimishwa kuingia jeshini na kupelekwa kambi ya mafunzo Ujerumani. Alimaliza udaktari Milan mwaka 1949, akaenda London kusomea magonjwa ya nchi za joto, kisha akabisha hodi kwa Wamisionari wa Comboni. Alipewa upadri tarehe 17 Desemba 1955 na askofu mkuu wa Milan, Giovanni Battista Montini, ambaye baadaye akawa Papa Paulo VI. Februari 1956 alikuwa safarini kuja Uganda. Hata miezi miwili ya kula misa za shukrani kwa shangazi zake hakuipata.

Hapo Afande akainua mkono, kama yuko gwaride.

"Katekista, mbona sisikii parokia? Tuliambiwa tunakwenda kwa padri. Huyu alikuwa paroko wa wapi?"

"Alikuwa padri daktari, Afande. Wa upasuaji."

"Basi ni daktari aliyevaa kanzu. Padri ni parokia."

Katekista alikasirika, akakunja karatasi. Mama wa Bunia, ambaye hukaa kiti cha mbele na husema mara chache, akageuka: "Afande, siku ukipasuliwa ngiri utauliza kama kisu kimebarikiwa?" Gari zima likacheka, dereva kuliko wote.

Lakini swali la Afande halikuwa baya, na nililibeba hadi Karuma. Kalongo ilikuwa na maparoko wake, walibatiza, wakazika, wakasuluhisha ndoa. Hakuna kosta inayokodiwa Kampala kwenda kuwakumbuka. Je, tunamkumbuka huyu kwa sababu alikuwa padri, au kwa sababu alijua kushona tumbo la mtu likapona?

Karuma, Nile inachemka juu ya mawe na nyani wamekaa kando ya barabara wakisubiri ndizi za wasafiri. Bwawa la umeme la megawati 600 lililozinduliwa rasmi 2024 liko pale pale, sehemu kubwa ya mitambo yake imezikwa chini ya ardhi, kwa hiyo nyani ndio unaowaona. Hairuhusiwi kupiga picha darajani. Mama wa mitumba alijaribu. Afande akamwonya kwa sauti ambayo bila shaka ilifanya kazi miaka mingi kabla ya kustaafu.

Kona Kamdini tukakata kulia, tukala muhogo wa kuchoma na kuku. Njia ya kwenda Lira inapita wilaya ya Kole, na ndani kule, nje ya lami, ndiko Alito, kimojawapo cha vituo vya wakoma ambavyo Ambrosoli alivihudumia pamoja na Morulem. Hatukuingia. Lira tulifika jua likizama, kila mtu ana vumbi la mwenzake.

Jumanne, Ngetta

Leo hatukwenda mbali. Ngetta ni misheni iliyo kilomita chache kaskazini mwa Lira, karibu na jabali la jina hilo hilo. Watu wengi huruka hapa wakaenda moja kwa moja Kalongo. Nadhani wanakosea mpangilio. Habari ya Kalongo haieleweki mpaka ujue kwa nini mtu wa Kalongo alifia Lira na kuzikwa kwanza Ngetta.

Januari 1986 NRA, jeshi la msituni la Museveni, liliingia Kampala, na wanajeshi wa serikali iliyoangushwa wakakimbilia kwao kaskazini. Ndani ya miezi michache Acholi yote, nchi ya Waacholi huku kaskazini, ilikuwa vitani: waasi wa UPDA, kisha Alice Lakwena na jeshi lake la Roho Mtakatifu. Hospitali ya Kalongo ikajikuta katikati. Hospitali haichagui majeruhi, na katika vita hilo tu latosha kukufanya mshukiwa wa pande zote. Februari 1987 jeshi likaamuru Kalongo ihamwe. Tarehe 13 mwezi huo wagonjwa, wauguzi, masista, wanafunzi na mapadri walipakiwa kwenye msafara wa magari kuelekea Lira. Miaka 31 ya kazi ya mtu mmoja ilifungwa mlango siku ile.

Na mtu mwenyewe alikuwa mgonjwa. Tangu 1982 figo zake zilikuwa mbovu. Alitibiwa Italia, akashauriwa apunguze kazi, naye akarudi Kalongo kuendelea na upasuaji. Kwa hiyo aliyeshuka kwenye gari Lira alikuwa mzee wa miaka 63 ambaye kwa haki kabisa angeweza kupanda ndege akafie kwao.

Hakupanda. Alianza kushughulikia shule. Pale Kalongo palikuwa na shule ya wakunga, St. Mary's, iliyoanza miaka ya 1950, na wanafunzi wake walikuwa sasa hawana wodi, hawana mabweni, na mitihani iko mbele. Ambrosoli aliwatafutia mahali Angal, hospitali ya misheni iliyoko ng'ambo ya Nile upande wa West Nile, ili wamalize mwaka wao. Fikiria barabara za wakati ule, na vizuizi vyake, na mwanamume anayezidiwa na figo akipanga safari za wasichana wa shule. Wakaenda Angal. Yeye akalala kitandani Lira, na tarehe 27 Machi, wiki sita tu baada ya kuhamishwa, akafariki. Wenzake waliokuwepo wamesimulia kwamba katika kufa alisema mapenzi ya Bwana yatimizwe, hata kama ni mara mia. Mipango ya kumtoa kwa helikopta ilikuwapo, helikopta ilichelewa.

Haya nilikuwa nayasimulia mimi, chini ya mwembe wa Ngetta, kwa sababu katekista bado alikuwa amenuna. Nilipomaliza Afande hakuuliza swali.

"Mwaka ule," alisema baadaye, "mimi nilikuwa Soroti." Hakuna aliyekuwa amemuuliza alikuwa wapi. Alienda akakaa peke yake upande wa kanisa, na chakula cha mchana tukampelekea.

Jumatano, Lira – Kalongo

Lami ikaisha, murram, barabara ya changarawe, ikaanza. Ni mwisho wa kiangazi: nyasi zimechomwa, mashamba yameshalimwa yanangoja mvua, na miti ya shea imesimama katikati ya mashamba kwa sababu hapa mtu haukati mti wa shea ovyo. Baada ya saa mbili hivi dereva aliuliza kama Mungu wa Wakatoliki hasikii maombi ya watu wa barabara za lami.

Patongo tulinunua odii, ile karanga iliyosagwa na ufuta, ambayo mama wa mitumba alisema ataiuza Kampala kwa bei mara mbili, na katekista akamkumbusha kuwa yuko hija. Miaka ya vita vya LRA, waasi wa Joseph Kony, Patongo na Kalongo zilikuwa kambi kubwa za wakimbizi wa ndani, vibanda vimebanana hadi moto mmoja ukiunguza safu nzima. Sasa ni miji midogo yenye maduka ya simu na boda. Mwenyeji mmoja alituonyesha kwa kidole mahali kambi ilipoanzia na ilipoishia. Ilikuwa kila mahali tulipotazama.

Halafu ukaonekana mlima. Oret ni mwamba mtupu, mkubwa, unainuka ghafla kutoka kwenye tambarare, na hospitali iko miguuni pake. Kwa wanaotoka mbali, wengine kwa siku nzima juu ya baiskeli na mgonjwa nyuma, jabali lile lilikuwa alama: ukiliona umefika kwa daktari. Waacholi walimwita Ajwaka Madit, mganga mkuu. Katekista hapendi jina hilo, anaona lina harufu ya ushirikina. Mimi naona wenyeji walijua walichosema: walikuwa na waganga wengi wa kulinganisha naye.

Usiku upepo wa mlima ulipiga mabati mpaka alfajiri.

Alhamisi, Kalongo

Misa ya ukumbusho ilikuwa ndefu, kwa Kiacholi, ngoma na vinanda vya asili, na padri alituheshimu kwa kusema dakika chache kwa Kiswahili, Kiswahili kizuri tu. Kwa sheria Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005. Kwa mazoea bado kuna Waganda wanaokisikia wakafikiria kizuizi cha barabarani. Huku kaskazini wazee wengi wanakijua kwa sababu hiyo hiyo: walikuwa jeshini au polisi.

Mmoja wao tulimkuta kaburini. Mabaki ya Ambrosoli yaliletwa hapa kutoka Ngetta mwaka 1994, na ndiyo yalikuwa matakwa yake, azikwe Kalongo. Mzee huyu alikaa kwenye benchi na fimbo yake, akasikia Afande akiongea, akamwita, "We, ulikuwa batalioni gani?" Wakajuana kwa dakika tano, majina ya kambi yakaruka huku na huku. Kisha mzee akafunua shati bila haya kutuonyesha kovu refu ubavuni.

"Huyu alinipasua hapa. Nilikuja nimebebwa."

"Alikutoza ngapi?" mama wa mitumba akauliza.

"Nilitoa kuku. Sijui kama walimla."

Ambrosoli aliandika sentensi ambayo imechapwa hapa kwenye kila kadi ya sala: Mungu ni upendo, kuna jirani anayeteseka, na mimi ni mtumishi wake. Ni sentensi nzuri. Lakini kadi hazikuambii kwamba mtumishi huyu alipokea zahanati ya misheni ya mwaka 1934 yenye huduma ya wazazi, akaikuza ikawa hospitali ya vitanda karibu 350 mahali pasipo lami, pasipo umeme wa gridi, na dawa zikija kwa meli na reli na lori. Kila chupa ya dawa ya usingizi, kila lita ya dizeli, mtu aliikokotolea hesabu. Karatasi ya katekista ilikuwa na fadhila zake zote: unyenyekevu, upole, sala. Haikuwa na neno juu ya ghala.

Baada ya misa tulitembezwa hospitalini, ambayo sasa inaitwa Dr. Ambrosoli Memorial na iko chini ya Jimbo Kuu la Gulu. Baada ya kuhamwa ilikaa kimya kama miaka miwili, ndipo ikafufuliwa na Padri Egidio Tocalli, naye Mkomboni na daktari kama mtangulizi wake. Wodi ya watoto ilikuwa imejaa malaria. Mvua haijaanza hata vizuri na tayari wawili wawili kitanda kimoja. Akina mama wamelala chini ya vitanda vya watoto wao. Nyuma, jikoni kwa ndugu wanaouguza wagonjwa, kila familia ina mafiga yake matatu, na moshi unawaliza wote bila ubaguzi wa kabila.

Mfanyakazi wa uhasibu aliyetuongoza alijibu maswali bila kupamba. Mwezi Machi 2001 serikali ilifuta malipo ya wagonjwa kwenye hospitali na vituo vyake. Za misheni ziliendelea kutoza, kwa kuwa ruzuku ya serikali haitoshi. Kinachotozwa ni pungufu sana ya gharama halisi, na pengo linajazwa na wafadhili, wakiwemo ndugu na marafiki wa Ambrosoli kule Italia. Mfadhili akipungua, bei haiwezi kupanda, maana anayekuja hapa hana. Tena ukimfundisha muuguzi vizuri, kesho serikali inatangaza nafasi yenye mshahara mkubwa zaidi, anakwenda. Alisema hayo yote kama mtu anayesoma hali ya hewa.

"Kwa hiyo mnafundishia wengine," mama wa mitumba akasema.

"Ndiyo. Na wale wengine ni Uganda hii hii."

Jibu hilo ndilo lililonipeleka shule ya wakunga. Nilitarajia jumba la kumbukumbu lenye picha za Waitalia ukutani. Nikakuta wasichana wa sare, na wavulana kadhaa, wanapigia pasi makoti meupe kwa pasi ya makaa, mmoja anakariri hatua za kuzuia mama asitokwe na damu baada ya kujifungua, mwenzake anamkosoa: umeruka kukanda mfuko wa uzazi, rudia. Akarudia. Nilisimama nikasikiliza hadi mwisho, na mimi ni mwalimu, najua mwanafunzi anayekariri ili afaulu na anayekariri kwa sababu ameshaona damu. Hawa wameshaiona.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2016 ulikadiria kwamba Uganda ilipoteza akina mama 336 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa 2022 ulitoa 189. Hakuna shule moja wala padri mmoja anayeweza kuidai tofauti hiyo, kuna barabara ndani yake, kuna simu, kuna damu ya kuongezewa, kuna boda za usiku. Lakini mahali fulani ndani ya tofauti hiyo kuna mkunga aliyejua asiruke hatua, na wa Kalongo wametawanyika kila pembe ya nchi. Nilimwelewa ghafla yule mgonjwa wa Lira. Majengo ya Kalongo hakuweza kuyabeba, vitanda hakuweza kuvibeba. Wanafunzi aliweza. Watu wale ndio hospitali iliyopandishwa kwenye lori ikafika salama.

Jioni kukawa na ugomvi. Tulikuja na bahasha ya michango ya jumuiya, na aliyechangisha hakusema ni ya nini. Katekista alitaka itolewe kwa ajili ya kaburi na kanisa la mahujaji. Ana hoja, nami naieleza kwa haki. Mwaka 2008, katika hospitali ya Matany, Karamoja, mama mmoja kijana aliyekuwa amepoteza mimba alishikwa na sumu ya damu mpaka daktari akaona hakuna kilichobaki cha kufanya ila kuwaita waliokuwepo waombe kwa jina la Padri Ambrosoli. Mama yule akapona. Kanisa lilichunguza, Papa Fransisko akaidhinisha muujiza huo Novemba 2019, sherehe ikapangwa 2020, korona ikaisogeza, na tarehe 20 Novemba 2022 balozi wa Papa nchini Uganda, Askofu Mkuu Luigi Bianco, akaja hapa Kalongo kumtangaza mwenye heri, hatua ya mwisho kabla ya utakatifu. "Bila kaburi," katekista alisema, "nani angekuja? Ninyi mngekuja kuangalia shule?"

"Muujiza wenyewe umetokea hospitalini," Mama wa Bunia akasema.

"Kwa sala!"

"Kwa sala, ndiyo. Na dripu hawakuing'oa."

Nilikuwa upande wa shule, na nilisema hivyo. Sipendi tabia yetu ya kujenga mnara juu ya mtu aliyelala chumba cha kawaida maisha yake yote, halafu tukiulizwa karo ya mwanafunzi mmoja tunasema tutaiombea. Wajane walikuwa na katekista. Wakongo walikuwa na Mama. Mkenya alitaka zigawanywe nusu kwa nusu, akaitwa mwanasiasa.

Tukamgeukia Afande, kwa kuwa hakuwa amesema kitu tangu kwa mzee wa kovu. Alichukua muda kuwasha kiko chake.

"Mimi nilisema padri ni parokia," akasema. "Parokia ina masakramenti, ina ada ya zaka, ina vikao. Ukiniuliza kazi ya askari nitakuambia: usiache watu wako nyuma. Sasa huyu, amri imekuja, hama. Amehama. Hakuacha mtu. Hata watoto wa shule. Mimi nimeona maofisa wenye magari mazima wakiacha watu." Akavuta kiko. "Pesa wapeni shule. Halafu mniache nikalale."

Hakuna aliyepinga tena, ingawa katekista alihesabu noti mara mbili kabla ya kuzitoa mkononi.

Ijumaa, Paimol, kisha kurudi

Ili kumpoza katekista tulikubali kupita Paimol, ambayo iko wilaya hii hii ya Agago na haihitaji kuzunguka sana. Hapa ndipo makatekista wawili vijana, Daudi Okelo na Jildo Irwa, waliuawa Oktoba 1918. Jildo alikuwa bado mvulana tu. Walitangazwa wenye heri Roma mwaka 2002, kwa hiyo wilaya hii ndogo inayokosa lami ina wenye heri watatu, na wawili ni Waacholi wenyewe. Katekista wetu alipiga magoti juu ya udongo mtupu kwa muda mrefu. Ni kazi yake, nao ni wenzake; hapakuwa na sababu ya kumharakisha. Dereva alizima injini bila kuambiwa.

Zilizobaki zilikuwa kilomita. Odii ilimwagika kwenye mkeka. Afande na dereva walibishana juu ya mpira kuanzia Patongo mpaka Lira, na Lira tukasimama kula na kutafuta mtandao wa simu.

Hapo ndipo nilipomwona Mama wa Bunia amejitenga kando ya gari, kidole kwenye sikio moja. Ana binti wa marehemu dada yake katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, amemaliza kidato cha nne, anakaa tu. Tangu jana mfukoni mwa Mama mna karatasi aliyopewa na ofisi ya shule, yenye masomo yanayotakiwa na tarehe ya mwisho ya fomu. Kyangwali mawasiliano hukatika, kwa hiyo alikuwa anapiga kelele, na soko zima la Lira likawa linasikiliza.

"Baiolojia nimesikia! Baiolojia umepita, sawa, mwanangu. Sikia. Usikate. Kemia je? Nakuuliza Kemia! Kemia ulipata ngapi?"